Zeze, shanga, kihenge au punje ya mtama: uvutano wa kwanta uelezwe kwa mlango upi?

Una dakika 40, ukumbi wa sekondari Dodoma, umeme unaoweza kukatika wakati wowote, na watu 60 ambao nusu yao waliiaga fizikia walipomaliza kidato cha pili. Unatakiwa uwaeleze utafiti wa uvutano wa kwanta umefika wapi. Yote hayaelezeki kwa muda huo, kwa hiyo utachagua mlango mmoja, au miwili ukibana sana. Hapa tunalinganisha minne, na kila mlango tunauuliza mambo matatu: msikilizaji anaondoka na nini, kuna kipimo gani nyuma ya maneno, na mfano unavunjikia wapi. Hilo la tatu ndilo waelezaji wengi huliruka, na ndipo upotoshaji unapoanzia.

Kabla ya milango yote kuna swali moja, nalo lipewe dakika tano za mwanzo. Einstein alionyesha mwaka 1915 kwamba kitu chenye uzito hupinda nafasi na wakati, na mpindo huo ndio uvutano. Fizikia ya kwanta nayo inasema kitu kidogo kama elektroni kinaweza kuwa katika hali ya hapa-na-pale kwa pamoja mpaka kipimwe. Haya, chukua kitu chenye uzito kilicho hapa-na-pale. Uvutano wake unaelekea wapi? Richard Feynman alilileta swali la namna hii mwaka 1957 kwenye mkutano wa Chapel Hill, Marekani, na hadi leo hakuna aliyelijibu kwa kipimo. Ukumbi ukilielewa swali hilo, kazi imebaki nusu.

Swali linalofuata huwa: kwa nini wasipime tu? Hapa toa ukubwa wa vitu. Urefu wa Planck, ambako nadharia zote mbili zinatarajiwa kugongana, ni kama 1.6 × 10⁻³⁵ ya mita. Namba hiyo haimwambii mtu chochote. Sema hivi: tukiukuza urefu wa Planck hadi uwe mbuyu wa mita 20, atomu moja itakuwa na upana wa karibu miaka-nuru bilioni 13 (mwaka-nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kwa mashine, pete ya LHC, mtambo wa kugonganisha chembe wa kituo cha CERN huko Ulaya, ina mzingo wa kilomita 27. Ingejipanga mara nne na ushee kwenye barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma yenye kilomita 112.3. Kwa sumaku zilezile, pete ya kugonganisha chembe kwa nishati ya Planck, ile ya kuufikia urefu huo, ingehitaji mzingo wa zaidi ya miaka-nuru 2,000. Basi njia ya nguvu imefungwa, na watafiti wanatafuta vichochoro.

Neno kuhusu maneno

Wanafunzi wetu wanasoma fizikia kwa Kiingereza na kuulizana kwa Kiswahili, kwa hiyo istilahi zinaweza kukuangusha kabla hujaanza. Tumia "uvutano", usitumie "mvutano". Katika mji wenye Bunge, ukisema mvutano watu wanasubiri uwataje waliovutana. "Kitanzi" nacho kina tatizo: ni tafsiri ya moja kwa moja ya "loop", jina la nadharia ya pili hapa chini (ile ya shanga), lakini masikioni kinaleta habari ya mtu kujinyonga. Sema "vipete" au "mtandao". Na "shimo jeusi" si shimo lililochimbwa. Ni eneo ambalo hata mwanga ukiingia hautoki. Lisahihishe mapema, la sivyo mtu atauliza kina chake ni mita ngapi.

Zeze: nadharia ya nyuzi

Huu ndio mlango unaojulikana zaidi, na Dodoma una kifaa chake tayari. Zeze la Wagogo likipigwa, uzi uleule unatoa sauti tofauti. Nadharia ya nyuzi inasema chembe za msingi si nukta, ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Kilichowashtua wanafizikia mwaka 1974 ni kwamba uzi uliofunga mviringo una mtetemo mmoja wenye sifa zilezile za chembe inayobeba uvutano. Hakuna aliyeuweka humo kwa mkono. Ulijitokeza wenyewe kwenye hesabu. Msikilizaji akiondoka na hilo tu, ameondoka na kitu.

Tatizo ni kwamba mfano wa zeze unavunjika palepale unaponoga. Watu husema kila chembe ni noti yake: elektroni noti hii, fotoni (chembe ya mwanga) noti ile. Katika sura ya kawaida ya nadharia sivyo. Noti za juu za uzi huo zina uzito wa kukaribia ule wa Planck, mkubwa kupindukia kwa chembe moja. Chembe zote tunazozijua zinatoka kwenye mitetemo ya chini kabisa, isiyo na uzito, na uzito wake mdogo unapatikana kwa njia nyingine. Pia zeze lina mti na kibuyu; uzi wa nadharia haukufungwa kwenye kitu, na hauna malighafi uliyosokotwa. Ongeza kwamba hesabu zinataka mielekeo 10 ya nafasi na wakati, nasi tunaiona 4 tu (11 katika sura iliyopendekezwa na Edward Witten mwaka 1995), na kwamba njia za kuikunja ile ya ziada hukadiriwa kufika 10⁵⁰⁰. Kwa ushahidi wa vipimo, hakuna. Chembe pacha, yaani wenzi wazito wa chembe tunazozijua, ambazo wengi walitarajia LHC izifichue, hazijaonekana.

Kwa redio, hata hivyo, zeze halina mpinzani. Punje ya mtama haisikiki hewani.

Shanga: nafasi yenyewe kuwa na chembechembe

Mwaka 1986 Abhay Ashtekar aliandika upya kanuni za Einstein kwa namna iliyorahisisha kuzitia kwenye kwanta, na Carlo Rovelli na Lee Smolin wakaendeleza kazi hiyo. Matokeo yake: eneo na ujazo haviwezi kugawanywa bila mwisho. Kuna kipande kidogo kabisa cha eneo, cha kiwango cha 10⁻⁶⁹ ya mita ya mraba. Nafasi ni mtandao. Kila fundo linabeba ujazo, kila kiungo kinabeba eneo.

Chukua pambo la shanga lililosukwa kama wavu, ulitandaze mezani. Kwa mbali ni kitambaa laini, ukisogea unaona shanga moja moja. Dakika moja inatosha. Halafu vunja mfano mwenyewe, kwa sauti: shanga hizi zimekaa juu ya meza, lakini mtandao wa nadharia haujakaa mahali popote. Wenyewe ndio mahali. Ukiacha kusema hivyo, kuna atakayeuliza katikati ya shanga mna nini, naye atakuwa na haki ya kuuliza.

Ukiiweka sambamba na nyuzi, nadharia hii haihitaji mielekeo ya ziada wala chembe pacha, na picha yake inashikika vidoleni. Lakini haidai kuunganisha nguvu zote za asili, na ina deni kubwa: bado haijaonyeshwa kikamilifu jinsi mtandao huo, ukiutazama kwa mbali, unavyorudi kuwa nafasi laini ya Einstein. Kuna pia namba moja ndani yake, ya Barbero na Immirzi, inayopanga ukubwa wa kile kipande cha eneo, na nadharia haiitoi namba hiyo yenyewe.

Jihadhari na kosa moja hapa. Mtu hudhani nafasi ikiwa na chembechembe, mwanga wa nishati kubwa utakwama kidogo kama baiskeli kwenye kokoto. Hilo limepimwa. Mwaka 2009 darubini ya angani ya Fermi ilipokea fotoni ya GeV 31 (nishati ya mabilioni ya mara ya mwanga wa kawaida) kutoka mlipuko wa nyota wa mbali sana, na ilifika ndani ya sekunde moja tangu mlipuko uanze kuonekana. Vipimo vya kituo cha LHAASO, China, kutoka mlipuko wa tarehe 9 Oktoba 2022 vilikaza zaidi. Ucheleweshaji sahili, unaokua sambamba na nishati, umebanwa hata kupita kiwango cha Planck. Hii haiui nadharia ya shanga, kwa sababu haikuwa lazima itabiri ucheleweshaji huo. Inaua michoro mingi ya mitandaoni.

Zipo njia nyingine mbili za kutaja kwa sentensi moja moja ukiwa na wasikilizaji wa hisabati: ile inayojenga nafasi kwa pembetatu ndogo ndani ya kompyuta, ambayo mwaka 2004 ilitoa mielekeo minne bila kulazimishwa kutoa umbo hilo, na ile iliyoanza na wazo la Steven Weinberg kwamba uvutano huenda ukajituliza wenyewe kwenye nishati kubwa. Kwa ukumbi wa kawaida, ziache.

Kihenge: mashimo meusi

Mlango huu unavuta watu kuliko yote, hasa kwa sababu una picha. Katikati ya Agosti, karibu saa tatu usiku, mtoe msikilizaji nje mbali na taa, mwonyeshe mkia wa kundi la nyota la Nge juu kabisa, ukielemea kusini. Jirani yake, umbali wa karibu miaka-nuru 27,000, kuna shimo jeusi lenye uzito wa Jua milioni 4; picha yake ilitolewa tarehe 12 Mei 2022. Anga la Dodoma wakati wa kiangazi linaifanya kazi hii bure.

Wazo lenyewe lielezwe kwa kihenge. Ukikikuza kihenge mara mbili kila upande, nafaka inayoingia inaongezeka mara 8, lakini ngozi yake ya nje mara 4 tu. Onyesha kwa vipande 8 vya sabuni vilivyokatwa mchemraba: vipange viwe mchemraba mmoja, hesabu vipande, kisha hesabu nyuso za upande mmoja. Kila mtu angetarajia kwamba habari zinazoweza kuhifadhiwa ndani ya kitu zifuate ujazo, kama nafaka. Jacob Bekenstein na Stephen Hawking, kati ya 1972 na 1974, walikuta kwamba za shimo jeusi zinafuata ngozi. Ni kama kihenge ambacho nafaka yote imeandikwa kwenye ukuta. Matokeo haya yana uvutano na kwanta ndani ya kanuni moja, na nyuzi na shanga zote zinajaribu kuyafikia. Nyuzi ziliihesabu namba hiyo barabara mwaka 1996 kwa aina maalumu ya mashimo meusi.

Kipimo kipo, ila kiseme kwa uaminifu. Tarehe 14 Januari 2025 vifaa vya LIGO, Marekani, vilinasa mawimbi ya uvutano ya mashimo meusi mawili yaliyoungana. Ngozi zao kwa jumla zilikuwa kama kilomita za mraba 240,000. Baada ya kuungana, kama 400,000. Kwa mizani ya huku, ni kutoka karibu mikoa 6 ya ukubwa wa Dodoma hadi karibu mikoa 10. Ngozi haikupungua, kama Hawking alivyosema mwaka 1971. Lakini kauli hiyo ya 1971 ni ya Einstein peke yake, kwanta haimo. Mnururisho wa Hawking, yaani mng'ao hafifu ambao shimo jeusi linatarajiwa kuutoa mpaka liishe, na ambamo kwanta imo, haujaonekana: shimo jeusi la uzito wa Jua lina joto la sehemu 0.06 tu ya milioni moja ya kelvini, baridi kuliko anga lenyewe.

Je, kilichoanguka humo kinapotea moja kwa moja? Tumia daftari la VICOBA. Shimo linaponururisha, deni la habari linapanda. Kama hakuna kinachopotea, karibu na nusu ya safari lianze kushuka mpaka liishe. Don Page alichora mkunjo huo mwaka 1993, na mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yaliupata kwa hesabu ya uvutano. Lililoachwa wazi ni hili: hesabu hizo zilifanywa kwenye ulimwengu uliorahisishwa, nazo zinaonyesha deni linalipwa bila kuonyesha linalipwa kwa mkono wa nani.

Hatari ya mlango huu ni kunoga kupita kiasi. Novemba 2022 habari zilienea kwamba wanasayansi wametengeneza pango la kupitia kutoka sehemu moja ya anga hadi nyingine. Kilichofanyika ni mwigo kwa biti 9 za kwanta kwenye kompyuta ya Google, nao ulipingwa na wataalamu wenzao miezi michache baadaye. Hakuna nafasi iliyotobolewa. Habari hiyo bado inazunguka WhatsApp; uwe na jibu lake mfukoni.

Mtama: majaribio ya mezani

Kama ni kuchagua mmoja, sisi tunachagua huu. Si maridadi kama wa mashimo meusi, lakini unarudi moja kwa moja kwenye swali la Feynman na unaweza kuwekwa kwenye kiganja.

Urefu wa Planck ni mdogo usiosemeka, ila uzito wa Planck ni mikrogramu 22. Unashikika. Nunua mtama wa kikombe kimoja sokoni, hesabu punje 100, pima kwa mizani ya masonara inayosoma gramu 0.01. Utapata kati ya gramu 2 na 3.5 kutegemea mbegu. Kwa wastani punje moja ni miligramu 25 hivi. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haitakusaidia, na punje yenye ganda itakudanganya, kwa hiyo pepeta kwanza. Kisha weka punje moja ndani ya karatasi iliyokunjwa, iponde kwa kitako cha chupa (bila karatasi inaruka na kupotea), halafu tandaza unga kwa ukingo wa rula juu ya karatasi ya grafu, uenee miraba 25 kwa 40. Hiyo ni miraba 1,000. Unga utakuwa haba, chembe hapa chembe pale, lakini kwa wastani kila mraba una mikrogramu 25. Huo ndio uzito wa Planck, na kidogo zaidi. Fanyia ndani. Upepo wa Julai hapa utakuachia karatasi tupu.

Sasa weka mezani pande mbili za pengo. Upande wa kwanza ni uvutano wa vitu vidogo: mwaka 2021 watafiti wa Vienna walipima uvutano wa kitufe cha dhahabu cha miligramu 90. Hizo ni punje tatu au nne za mtama. Upande wa pili ni hali ya hapa-na-pale: mwaka 2019, Vienna hukohuko, molekuli zenye uzito wa zaidi ya 25,000 kwa kipimo cha atomi zilionyesha tabia hiyo, kama 4 × 10⁻²³ ya kilo. Mwaka 2023 Zürich waliiweka fuwele inayotetema ya mikrogramu 16, karibu uzito wa Planck, kwenye hapa-na-pale. Ila umbali kati ya "hapa" na "pale" ulikuwa mdogo kuliko kiini cha atomu, kwa hiyo uvutano wake hausomeki.

Jaribio linalotakiwa lipo katikati. Lilipendekezwa mwaka 2017 na kundi la Sougato Bose, na wakati huohuo na Chiara Marletto na Vlatko Vedral. Katika pendekezo la Bose, unachukua fuwele mbili ndogo, kila moja kama 10⁻¹⁴ ya kilo. Unaigawa kila moja kuwa hapa-na-pale kwa umbali wa kama mikromita 250, huziachi zikaribiane chini ya mikromita 200, na unasubiri sekunde 2 na nusu hivi. Kama uvutano peke yake umezifanya zifungamane, yaani hali ya moja haielezeki tena bila ya mwenzake, basi kilichopita kati yao kina tabia ya kwanta.

Eleza pia linaharibikia wapi, kwa kuwa hapo ndipo ukumbi unapochangamka. Ukizisogeza karibu zaidi, nguvu za kiumeme kati ya fuwele zinaumeza uvutano. Molekuli moja ya hewa ikigonga, hapa-na-pale imekwisha. Joto la fuwele yenyewe linatoa mnururisho unaofichua iko wapi. Lori likipita barabarani, meza imetikisika. Na kuna ubishi wa maana: mwaka 2025 makala katika jarida la Nature ilidai kwamba hata uvutano usio wa kwanta unaweza kufungamanisha vitu katika mazingira fulani. Wengine wamepinga. Mfano wa mtama nao una ufa wake: unga unakuonyesha uzito, haukuonyeshi hapa-na-pale, maana punje haiwezi kukaa kwenye miraba miwili. Sema hivyo kabla hujaulizwa.

Nani achukue upi

Kidato cha tano na sita wa PCM wape mtama kwanza, kisha shanga, na uwaachie wenyewe hesabu ya mizani. Kwa mkusanyiko wa umri mchanganyiko, wenye wazee na watoto, kihenge na anga la usiku vinatosha. Usiguse mielekeo 10. Kipindi cha redio cha dakika 15 kichukue zeze, ila mwisho wa kipindi kivunje mfano wa noti kwa maneno yaliyonyooka. Mwalimu mwenye kipindi kimoja tu, na mizani ya kuazima, aponde punje.

Swali la mwisho ukumbini huwa ni hilihili: wewe unaamini ipi? Usikwepe, jibu kwa dau. Jonathan Oppenheim wa London ana nadharia, iliyochapishwa 2023, inayosema uvutano si wa kwanta hata kidogo, bali nafasi inayumbayumba bila mpangilio. Kama ni kweli, hata uzito wa kilo moja ukipimwa kwa umakini wa kutosha utaonekana ukichezacheza. Carlo Rovelli wa shanga na Geoff Penington, mmoja wa waliopata mkunjo wa Page, wamewekeana naye dau la 5,000 kwa 1. Bado hakuna aliyelipwa.